Kericho Bado Haijachorwa

Katika duru za sanaa jijini Nairobi kuna hukumu iliyotolewa zamani na ambayo hakuna anayeikatia rufaa: mchoraji anayebeba karatasi, brashi na kikebe cha maji akaenda kuketi kando ya shamba la chai huko Kericho au Bomet si msanii wa kuchukuliwa kwa uzito. Huyo, wanasema, anapamba kuta za hoteli. Anafuata nyayo za mabibi wa masetla waliochora vilima alasiri huku mpishi akiwaandalia chai. Msanii makini achore mji. Achore matatu, polisi, mitaa ya mabanda, siasa. Mandhari ya shamba waachiwe wastaafu, watalii na kalenda za benki.

Hoja hii nimeisikia kwenye maonyesho, nimeisikia kwa walimu wa sanaa, na nimeisikia hata kwa vijana wa Litein na Mogogosiek waliokulia katikati ya majani chai lakini wakishika brashi huchora simba. Inavutia kwa sababu ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyoiweka hai miaka yote hii. Kwa jumla lakini ni hoja mbovu, na hasara yake kubwa ni kwamba inawaachia wauzaji wa chai peke yao kazi ya kutuonyesha nchi ya chai ilivyo.

Tuanze na hiyo chembe ya ukweli. Uchoraji wa nje kwa rangi za maji haukulelewa bustanini tu, umepitia jeshini. Baada ya uasi wa 1745 nchini Scotland, jeshi la Uingereza liliamua kuipima nchi ile ya milima ili isilisumbue tena, na miongoni mwa walioajiriwa kuchora alikuwa kijana aitwaye Paul Sandby. Mwaka 1768 Sandby huyohuyo alifanywa mwalimu mkuu wa uchoraji katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, ambako maofisa wa mizinga na wahandisi walifunzwa kuukazia macho mlima na kuuteremsha karatasini: bonde liko wapi, mto unavukwa wapi, mzinga utakaa wapi. Rangi za maji zilifaa kwa kazi hiyo kwa kuwa ni nyepesi, hukauka upesi na huingia mkobani. Hapa kwetu, Joy Adamson alianza kwa kuchora mimea ya Kenya kwa rangi hizohizo, kisha serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali katika mavazi yao ya jadi. Kitabu chake, The Peoples of Kenya, kilitoka 1967. Mimea ikaorodheshwa, watu wakaorodheshwa. Anayekishuku kisanduku cha rangi ana sababu zake.

Tatizo ni kwamba shuku hiyo huishia njiani. Kaa kando ya barabara ya shamba upande wa Konoin, ubao wa kuchorea magotini, na kabla rangi ya kwanza haijakauka atatokea mtu akuulize kama unapima. Huenda ni mama anayetoka kupeleka majani kituoni, huenda ni mzee mwenye fimbo, huenda ni askari wa kampuni ambaye swali lake halitanguliwi na salamu. Watu wa mjini husimulia maswali hayo kama vichekesho vya washamba. Mimi nayaona kuwa uhakiki wa sanaa ulio bora kuliko mwingi unaochapishwa. Katika nchi hii, waliokuja na karatasi wakaikodolea macho ardhi hawakuondoka mikono mitupu. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishwa kwa nguvu ya sheria hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, na haukuruhusiwa kurudi mpaka uhuru ulipokuwa mlangoni. Dai la Wakipsigis na Watalai waliopoteza ardhi ya Kericho lilifika kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 2021 waliikosoa Uingereza hadharani, na mwaka uliofuata likapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mzee anayeuliza "Unapima?" anajua jambo ambalo mhakiki wa Nairobi amelisahau: kuitazama ardhi kwa makini, karatasi ikiwa mkononi, ni tendo zito. Kati ya hao wawili, ni nani anayeidharau mandhari?

Na ikiwa chombo kikishatumiwa na mkoloni hakifai tena, basi tuache na gazeti, tuache na kandanda, tuache na mahakama. Dai la Wakipsigis lenyewe limeandikwa kwa lugha ya sheria za Ulaya na kupelekwa Ulaya. Hakuna aliyewaambia kwamba wanaiga.

Kuna toleo la pili la hoja hii, la kisomi zaidi. Linasema mchoraji wa Kiafrika huitoa picha moyoni, katika kumbukumbu na hadithi. Kuketi mbele ya kilima na kukinakili ni tabia ya Kizungu. Wenye kusema hivi hupenda kumtaja Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro aliyechora migomba, mavuno na kazi za kijijini, na ambaye picha yake ya 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko katika jumba la sanaa la MoMA jijini New York. Humtaja pia Elimo Njau, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora katika kanisa la Murang'a maisha ya Yesu yakitendeka kwenye migongo ya milima ya Ukikuyu. Hawa, tunaambiwa, walichora mashamba bila kuketi shambani, na wakawa wakubwa.

Ukubwa wao siubishii. Nauliza tu ni nani aliyewaelekeza hivyo. Wote wawili walipitia Makerere mikononi mwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa huko 1937. Njia yake mashuhuri ilikuwa kuwasimulia wanafunzi tukio, wakalijenga akilini, ndipo wachore. Alifanya hivyo kwa nia njema, akihofia kwamba mifano ya Ulaya ingewameza, na kwa Ntiro na Njau njia hiyo ilizaa matunda ambayo sote tunayaonea fahari. Lakini imani iliyokaa nyuma yake, kwamba Mwafrika ana ndoto na Mzungu ana macho, ni ya kikoloni kuliko kisanduku chochote cha rangi. Anayetuambia leo kwamba kutazama si asili yetu anarudia somo la bibi yule akidhani anampinga. Mfugaji wa Sotik humtambua ng'ombe wake kwa madoa akiwa ng'ambo ya bonde. Mchumaji wa chai, bila kusimama, huona jani lililokomaa kupita kiasi katikati ya elfu yaliyo sawa na kuliruka. Hao ndio tunaoambiwa hawana desturi ya kutazama?

Sasa tuingie shambani, maana ubishi huu ukibaki mezani hautufikishi popote.

Kila anayepita Kericho kwa basi hutoka na maneno yaleyale: zulia la kijani. Vitabu vya watalii vinayo, hotuba za wanasiasa zinayo, insha za shule ya msingi zinayo. Mtu akiyasema najua hajawahi kukaa pale zaidi ya muda wa kujisaidia kando ya barabara. Mche wa chai ukiachwa ukue upendavyo huwa mti wa kupita paa la nyumba. Ule uso ulionyooka, unaomfika mtu kiunoni, umetengenezwa na mikono iliyorudi palepale tena na tena, wiki baada ya wiki, tangu kampuni za Uingereza zilipoanza kupanda chai kwa biashara katika miaka ya 1920. Kipande kimoja huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, majani mawili na chipukizi, na kikishachumwa rangi hubadilika: machanga yenye umanjano yameondoka, yamebaki makuukuu ya kijani kizito kinachokaribia bluu. Kipande cha jirani kinachongoja zamu bado kinang'aa. Mchoraji anayeketi akayatofautisha mabaka hayo anaichora ratiba ya kazi. Hapa walipita jana, pale watafika kesho, na kule juu hawajafika kwa muda mrefu. Ukiuliza utaambiwa mvua ilizidi, au watu wako kwenye mgomo, au mashine imekufa.

Kisha kuna vipande vilivyopogolewa. Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano chai hukatwa ikabaki vijiti, na upande mzima wa kilima ukawa kijivu na kahawia. Sijawahi kukiona kipande kama hicho kwenye kalenda. Kuna chai ya zambarau, TRFK 306, iliyozalishwa na watafiti wa chai wa Kericho na kutolewa kwa wakulima 2011, ambayo ikikaa katikati ya chai ya kawaida inakulazimu kutafuta wekundu ambao hukudhani utauhitaji. Kuna mvua ya mawe, na Kericho ni miongoni mwa mahali duniani panaponyeshewa mawe mara nyingi zaidi. Ikishapita, majani yaliyochanika hugeuka, na uso wa shamba ukawa na rangi ya kutu. Kuna mikaratusi iliyopandwa ili kulisha matanuri ya viwanda, kwa sababu majani hukaushwa kwa joto la kuni, na mikaratusi hiyo ni ya bluu na kijivu kuliko kijani. Juu, ukielekea msitu wa Mau, kuna kiza cha msitu wenyewe, kisha mkanda wa chai ya Nyayo, mpango ulioanzishwa 1986 ili kuuzingira msitu usiingiliwe, kisha mashamba ya watu. Weusi, kisha kijani kilichonyolewa, kisha viraka. Mstari mmoja wa brashi unapita kwenye sera tatu za serikali.

Ndiyo maana mwanafunzi anayefungua tyubu ya kijani akaipaka kama ilivyo hushindwa papo hapo. Kijani cha tyubu ni kikali na hakina mahali. Ni kijani cha plastiki. Anayetaka chai ya Kericho huianza kwa njano na bluu, akaitia kahawia ya kuungua kidogo ili kuitoa makali, akapunguza maji kwa kilicho karibu na kuyaongeza kwa kilicho mbali, na bado atabadilisha mchanganyiko kila anapovuka njia ya wachumaji. Albrecht Dürer wa Ujerumani alilimaliza suala hili mwaka 1503, alipochora kwa rangi za maji kipande cha nyasi na magugu tu, bila kasri, bila farasi, bila malaika. Kazi hiyo imehifadhiwa Vienna kama hazina. Hakuna aliyemwambia kwamba nyasi si mada nzito.

Mwezi Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliokasirishwa na kupotea kwa ajira. Nairobi iliona moshi kwenye taarifa ya habari ikashtuka, kana kwamba jambo limezuka usiku mmoja. Lakini mkono unapochuma huacha uso wenye vinundu vinundu. Mashine huacha uso ulionyolewa kwa mistari, na majani yaliyokatwa katikati ambayo kingo zake hugeuka kahawia. Mistari hiyo ilikuwa ikienea kwa miaka, mchana kweupe, juu ya vilima vinavyotazamwa na maelfu ya wasafiri kila siku. Nani aliichora? Wachoraji wetu makini walikuwa mjini wakichora siasa.

Na kuna mpaka. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu pa kumpeleka kijana akaanzie, ningempeleka pale shamba kubwa linapokutana na mashamba ya wadogo. Upande mmoja chai imejaa hadi upeo wa macho, bila nyumba, bila kaburi, bila ng'ombe. Makazi ya wafanyakazi yako mbali, yamepangwa safu. Ng'ambo ya barabara, nusu eka ya chai, kisha mahindi, kisha mabingobingo ya ng'ombe, kisha nyumba ya mabati yenye ua wa misipresi, kisha nusu eka nyingine ya chai ya ndugu, iliyopandwa kwa mistari isiyoelekeana na ile ya kwanza. Ule mchafuko una historia. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kupanda chai, na mlango ulianza kufunguka baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Mwaka 1960 kikaundwa chombo cha mazao maalumu kilichogeuka kuwa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, 1964. Viwanda vya Kapkoros, Tirgaga na Litein vinalishwa na viraka hivyo. Ng'ambo ya pili, kwenye shamba kubwa, Katiba ya 2010 imepunguza ukodishaji wa ardhi kwa wageni hadi miaka isiyozidi 99, ambapo zamani walipewa hata 999. Wenyewe wanabadilishana tu: Unilever iliuza biashara yake ya chai 2022, James Finlay ikayauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka 2023, na 2024 Lipton ikatangaza kuuza yake kwa haohao. Majina yamebadilika kwenye mabango. Vilima vinavyochapishwa kwenye pakiti ni vilevile.

Mtu atasema: piga picha. Kila kijana ana simu, na kijana mwenye bahati ana droni. Sina ugomvi na kamera, ila naomba tusiipe sifa isiyo yake. Simu za siku hizi huiongezea kijani makali kabla hata hujaitazama picha, yaani zinatengeneza zulia zenyewe. Droni hupanda juu mpaka watu wanakuwa nukta na mistari ya chai inakuwa pambo. Hakuna picha iliyowafaa wauzaji wa chai kuliko hiyo. Mchoraji yuko chini, kwenye matope, kwa saa mbili, na katika saa hizo mbili safu ya wachumaji imetoka kushoto ikafika kulia. Aiweke wapi? Hawezi kukwepa uamuzi huo, na akiufanya anakuwa ameshika msimamo juu ya nani yumo katika picha na nani hayumo. Kamera humruhusu mtu kuondoka bila kuamua.

Nimeacha pingamizi moja makusudi, kwa kuwa ndilo zito na ndilo linaloninyima usingizi. Linasema hivi: nchi ya chai ni nzuri mno, na uzuri wake ni sehemu ya uongo. Mapema 2023 BBC ilionyesha uchunguzi wake kuhusu wanawake wa mashamba hayo wanaolazimishwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi au waendelee nayo. Mahali kama hapo, mtu anathubutuje kutoa brashi akachora ukungu wa asubuhi?

Nakubali kwamba picha nyingi za chai zinastahili lawama hiyo. Wachumaji humo ni madoa ya rangi tu, nyekundu hapa, njano pale, yaliyotiwa ili kijani kisichoshe. Lakini picha hizo zina kasoro kwa kipimo cha uchoraji wenyewe: aliyezifanya hakutazama. Aliyetazama angeona kwamba kapu likijaa shingo huinama kwa namna yake, kwamba mvua ikija wachumaji hawakimbii kwa sababu malipo ni kwa kilo, kwamba nyapara husimama mahali ambapo safu nzima inamwona. Hayo yote ni mistari na uzito, ni mambo ya kuchoreka. Dawa ya picha isiyotazama ni picha inayotazama. Kuacha kuchora hakumponyi mtu yeyote.

Halafu kuna dharau iliyojificha ndani ya pingamizi hilo. Linachukulia kwamba uzuri wa vilima ni mali ya kampuni, kitu kilichonunuliwa pamoja na ardhi, na kwamba anayefanya kazi ngumu pale hana macho ya kuuona. Ongea na wenyeji. Mama aliyechuma chai miaka yote atakuonyesha mwenyewe pahali ambapo jua likitoka upande wa Mau vilele hushika mwanga kabla ya bonde, na atakucheka ukikosea kivuli chake. Uzuri ule ulikuwepo kabla ya hati za kukodisha. Watu walionyang'anywa ardhi wakiambiwa pia wasiione nzuri, kwa kuwa kuiona nzuri ni usaliti, wananyang'anywa mara ya pili, na safari hii na marafiki zao.

Sharti langu kwa mchoraji wa nje ni la adabu tu: omba ruhusa, usimsimamishe mtu anayelipwa kwa kilo ili akae vizuri kwenye picha yako, na mwonyeshe ulichofanya kabla hujaondoka, hata kama ni kibaya. Hasa kama ni kibaya.

Limebaki la chombo chenyewe. Rangi za maji, wanasema, ni za watoto. Mtu mzima hutumia mafuta au akriliki. Waseme hivyo wakishajaribu. Rangi za mafuta zikikosewa hufunikwa. Akriliki ikikosewa hufunikwa. Katika rangi za maji mwanga ni karatasi yenyewe, ukishaifunika imekwenda. Mabati yanayometa baada ya mvua inabidi uyaamue kabla hujagusa chochote, uyaache meupe, uyazunguke. Mabati ni mengi Bomet, kwa hiyo maamuzi ni mengi.

Hali ya hewa ya huko, ambayo wengi huitaja kama kizuizi, ndiyo mwalimu. Kericho iko juu, mita elfu mbili hivi, na kwa mwaka hupata mvua ya milimita elfu mbili au karibu na hapo. Asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni, karatasi haikauki: huo ndio wakati wa kuchora vilima vya mbali, rangi ikitiwa juu ya unyevu na kujisambaza yenyewe kingo zikapotea. Kufikia saa nne jua la nyanda za juu limekuwa kali kiasi kwamba maji hukauka kabla brashi haijafika mwisho wa karatasi. Basi fanya haraka mambo yenye kingo, mapaa, vigogo, njia. Mchana upepo wa Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki juu ya milima hii, mawingu yakapanda, na alasiri mvua ikashuka karibu kila siku. Kila awamu ina kazi yake. Nimeona karatasi zilizopigwa na matone ya kwanza ya mvua ambazo hakuna studio ingezitengeneza, na nimeona nyingi zaidi zilizoharibika kabisa. Hiyo ndiyo bei.

Wala tusidanganyane kwamba vifaa hivi ni vya kigeni kwa asili. Kinachoshikanisha rangi za maji ni gundi ya mgunga, na migunga hiyo inaota Turkana, Samburu, Marsabit na Wajir. Gundi yake huokotwa na wafugaji ikauzwa nje, kisha inaturudia ndani ya tyubu ndogo kwa bei ya kuumiza. Udongo mwekundu wa barabara za Kericho, ukipondwa, ukachujwa na kukorogwa na gundi hiyo, hutoa rangi inayodumu. Karatasi ndiyo shida ya kweli. Ile ya pamba nzito, isiyojikunja, huagizwa kutoka ng'ambo, na karatasi ya daftari la shule hujikunja kwa tone la kwanza. Hilo ni jambo la fedha na linatatulika kwa fedha. Halihusu kama sanaa hii ni yetu au si yetu.

Mtaala wa 8-4-4 ulifika mahali sanaa ikatolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa Kenya ni somo lililokufa. Mtaala mpya wa umilisi umeirudisha. Lakini darasa la sanaa katika kata ya chai bado hufanyika ndani, dirisha likiwa wazi, watoto wakinakili chungu kilichochorwa kitabuni. Nje ya dirisha hilo kuna kipande kilichochumwa jana na kingine kinachongoja kesho.

Walimu wa Kericho na Bomet, watoeni nje. Kaunti zinazotumia pesa kwa mabango ya kukaribisha wageni zinunue karatasi nzuri kwa shule chache, zione kitakachotokea. Vijana wa Litein, simba wameshachorwa vya kutosha. Na wahakiki wa Nairobi mnaoshikilia kwamba hakuna cha kuchorwa huku, njooni mkae nasi kando ya mpaka, upande wowote wa barabara mtakaoupenda. Mfike mapema tu. Saa nane mvua huanza.